Safari Tatu za Ruangwa kwa Siku Moja

Siku ile tulikuwepo hawa. Alikuwepo fundi mkuu wa karakana, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe zilizofungwa kwa wavu, ambaye sote tulimwita Fundi bila kuongeza kitu. Alikuwepo mpanda pikipiki wetu, Mngoni wa Songea aliyekuwa askari, aliyerudi kutoka Burma na kovu shavuni na ujuzi wa kupeleka barua za jeshi kwa pikipiki. Nilikuwepo mimi, Mmwera wa miaka kumi na tisa, fundi wa matairi. Alikuwepo mzungu msimamizi wa mashindano, mwenye saa mbili, moja mkononi na moja mfukoni, kwa kuwa hakuiamini hata moja. Walikuwepo watu wanane wa pikipiki nyingine nne. Ruangwa, mbele ya duka la Mhindi, alikuwepo mjomba wangu wa Mandawa, na mdogo wangu wa kike, na wadogo zangu wawili wa kiume, na vifurushi vitatu vya nguo vilivyokwisha kufungwa. Na njiani, upande wa Chiola, alikuwepo mzee mmoja ambaye asubuhi ile sikujua kwamba yupo duniani.

Wengi wao wameshatangulia, ndiyo maana nimeanza nao.

Pikipiki yetu ilikuwa ya jeshi, ya rangi ya majani makavu, silinda moja, iliyotupwa nyuma ya karakana ya Nachingwea kazi ya karanga, ule mradi mkubwa wa Waingereza, ilipoanza kupungua. Kuku walikuwa wakitagia chini ya tangi lake. Fundi aliinunua kwa bei ya chuma chakavu, akaifungua yote, akaipanga juu ya turubai kama mtu anayeanika muhogo, kisha akatuita mimi na yule askari.

"Hii itakimbia," alisema.

Yule askari akaitazama mifupa ile. "Fundi, hata ikisimama wima nitashukuru."

Ilituchukua miezi miwili. Tulifanya kazi baada ya saa za kazi, bila malipo, na sikumsikia hata mmoja wao akilalamika. Fundi alikuwa na namna yake ya kufundisha: hakusema. Alifanya jambo mara moja polepole mbele yako, kisha akalifungua tena na kukuachia. Ukikosea alikohoa. Nilijifunza pikipiki nzima kwa kikohozi cha mtu yule.

Sasa niseme kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa kwangu kuliko kwa wenzangu.

Mama yetu alifariki nikiwa darasa la nne, baba akamfuata mwaka uliofuata. Niliacha shule nikaenda kuomba kazi Nachingwea, wakati ule walikuwa wanachukua kila mwenye mikono. Nilianza kwa kubeba matairi, nikaishia kuyatengeneza. Wadogo zangu watatu niliishi nao kwenye chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi. Nilikuwa nikipika kabla ya kwenda kazini, na mdogo wangu wa kike alipika jioni, na hatukulala njaa zaidi ya siku ninazoweza kuzitaja.

Lakini kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Mjomba wetu alikuwa mkulima wa korosho na ufuta huko Mandawa, mtu wa haki, wala sitaki msomaji amfikirie vibaya. Aliposikia kwamba watu wanapunguzwa kazini, alikuja, akakaa kwenye kigoda changu cha pekee, akasema alichoona ni sawa. Binti ataishi naye Mandawa. Mvulana mkubwa ataenda kwa mama mdogo, huko Nambilanje. Yule mdogo kabisa atapelekwa kwa binamu wa mama, Kilwa.

"Nyumba tatu, Mjomba," nilisema.

"Nyumba tatu zenye chakula."

"Nipe mpaka siku ya mashindano."

"Mashindano ya nini?"

"Ya pikipiki."

"Yaani watoto wa dada yangu watalishwa na pikipiki."

"Wamelishwa na pikipiki miaka miwili sasa, Mjomba."

Nilimweleza. Wakubwa walikuwa wanataka kulifunga banda la pikipiki na kuzipeleka zile za matarishi Lindi zikatengenezwe huko. Fundi aliwaambia kwamba ataingiza kwenye mashindano pikipiki ile ile waliyoitupa, iliyotengenezwa na watu wake wawili. Ikimaliza mizunguko yote mitatu, banda libaki, na mtu wake wa matairi abaki. Wakubwa walicheka, wakakubali. Ikishindwa, mimi ningekuwa wa kwanza kupewa karatasi yangu.

Mjomba alikuwa na ufuta wa kuuza Ruangwa siku hiyo, na alikuwa amepata nafasi kwenye lori la kurudi jioni. "Nitawachukua watoto mapema, nitasimama nao Ruangwa," alisema. "Lori linaondoka baada ya swala ya Alasiri. Ukipita mbele yangu mara ya tatu kabla sijamaliza kuswali, nakuachia. Usipopita, wanapanda."

"Mara ya tatu."

"Si ya pili. Ya pili hata mbuzi anaweza kubahatisha."

Mashindano yenyewe yalikuwa hivi. Kutoka Nachingwea hadi Ruangwa na kurudi, mara tatu, kati ya mawio na machweo. Kila pikipiki ilibeba watu wawili, mpanda na fundi wake. Asubuhi kila timu iliandika kwenye karatasi kila kitu ilichobeba, na baada ya hapo haikuruhusiwa kuongeza kitu kutoka duka lolote, stoo yoyote wala timu nyingine. Petroli na oili tu ndivyo vilivyotolewa, kila mwisho wa njia. Barabara ilikuwa ya udongo, yenye mchanga mabondeni na mawe mahali pa kupanda, na pande zote mbili mikorosho michanga na miti ya miyombo.

Alfajiri yule askari alinikuta nikifunga begi la vifaa.

"Mtani, umekagua?"

"Nimekagua."

"Kopo la solusheni?"

Solusheni ni gundi ya kubandikia viraka vya tyubu. Nilimwonyesha kopo. Lilikuwa zito mkononi.

"Haya," alisema. "Babu zako walikimbia nchi hii yote wakifukuzwa na babu zangu. Leo utaipita tena ukiwa umemkumbatia Mngoni kiunoni."

"Walikimbia harufu," nilisema. "Mikuki hawakuiona."

Fundi alikohoa. Tukapanda.

Nataka kusema kidogo jinsi mtu yule alivyoendesha, kwa sababu nimeona wengi tangu siku ile na sijaona kama yeye. Wengine walipigana na mchanga. Waliukanyaga kwa miguu, wakazidisha petroli, injini zikalia. Yeye aliposikia gurudumu la mbele linaanza kuogelea alisimama juu ya vikanyagio, akalegeza mikono kana kwamba ameshika kifaranga, akaiacha pikipiki ijitafutie njia. Kwenye mawe alipunguza hata mahali ambapo mimi ningeongeza. Mara mbili tulipitwa, na mara zote mbili nilimgonga bega.

"Wanatupita," nilipiga kelele sikioni mwake.

"Waache wakaandike barua yao," alijibu. "Yetu itafika."

Safari ya kwanza tulifika Ruangwa vumbi likiwa limetugeuza rangi moja. Mjomba alikuwa amesimama mbele ya duka, kanzu safi, gunia la ufuta miguuni. Aliinua kidole kimoja. Wadogo zangu walikuwa wameketi juu ya vifurushi vyao kwenye kibaraza, kwa mpangilio wa kuzaliwa, na hakuna aliyepunga mkono. Nilielewa. Kupunga mkono kungeweza kuwa kuaga.

Safari ya pili zilikuwa zimebaki pikipiki nne. Ile ya tano injini yake ilikwama kabla ya saa nne. Mjomba aliinua vidole viwili. Tukirudi tulipata mwiba wa kwanza. Nilitoa tyubu mbovu nikavisha ile ya akiba, tukaendelea, na Nachingwea nilitaka kuiziba ile mbovu, lakini Fundi alikuwa amekwisha kujaza oili.

"Ziba Ruangwa," alisema. "Sasa panda. Watu wawili wako mbele yako, mmoja yuko porini na uma wa mbele umevunjika."

Tukaenda safari ya tatu tukiwa wa mwisho kati ya watatu. Jua lilikuwa limepita utosi. Nilikuwa nahesabu kichwani: tukienda hivi hivi, tutafika Ruangwa wakati watu wanaanza kuchota maji ya kutawadha. Upande wa Chiola kuna mahali barabara inashuka kwenye kijito kikavu kisha inapanda ghafla. Chini ya mchanga wa kijito kile palikuwa na jiwe ambalo mara nne zote tulikuwa tumelipita pembeni. Mara ya tano tulilipata. Nilisikia ukingo wa gurudumu ukigonga, na pikipiki ikakaa chini kwa nyuma kama ng'ombe aliyechoka.

Askari aliilaza, nikatoa gurudumu. Tyubu ilikuwa na matundu mawili, yanayotazamana, kama meno ya nyoka. Nilitoa msasa, nikatoa viraka, nikafungua kopo.

Ndani ya kopo palikuwa na kitu kigumu cha rangi ya asali. Nilikichoma kwa bisibisi, hakikuingia. Solusheni ilikuwa imekauka yote na kuwa jiwe moja. Ndiyo maana kopo lilikuwa zito.

Karakana tulikuwa na makopo mawili. Moja jipya, halijafunguliwa, lilikuwa kwenye rafu mbele ya macho yangu. Nilichukua la zamani. Wala si kwa kusahau. Nililichukua kwa kupanga, kwa sababu nyumbani kwangu hiyo ndiyo ilikuwa sheria: muhogo wa zamani uliwe kwanza, unga wa chini ya mtungi uishe kwanza, kipya kingoje. Kwa sheria hiyo nilikuwa nimewalisha wadogo zangu miaka yote ile. Na kwa sheria hiyo hiyo nilikuwa sasa nimeketi kwenye mchanga wa kijito, nao wanangoja juu ya vifurushi.

Nilimwambia yule askari hivyo hivyo, bila kupunguza. Nilidhani atanipiga. Alichuchumaa, akalichukua kopo, akaligonga kwa kucha.

"Burma tulikuwa na koplo," alisema, "alizimia kwa njaa tukiwa njiani. Tulipofungua mfuko wake tukakuta biskuti za siku nne. Alikuwa anaziwekea kesho." Akanirudishia kopo. "Alikuwa koplo mzuri sana. Haya, fikiri."

"Tukijaza majani ndani ya tairi?"

"Watu wawili, na mawe yale? Tutafika. Lakini wiki ijayo."

Ndipo tuliposikia ngoma. Haikuwa ngoma ya watu kucheza. Lilikuwa pigo moja, kimya, pigo moja, kimya, kama mtu anayejaribu ngozi baada ya kuianika juani. Mapigo yale yalikuwa mazito na laini kwa pamoja, wala hayakuwa ya fimbo tupu. Niliyasikiliza, nikakumbuka kitu. Wakati wa vita serikali ilipotaka mpira, mama alikuwa anaingia porini na wanawake wenzake kuchanja mitambaa ya mpira, mimea ile inayoparamia miti na kutoa utomvu, akarudi na madonge meusi yenye harufu ya moshi. Na wapiga ngoma walikuja kumwomba donge la kuvisha vichwa vya virungu vyao, kwa kuwa kirungu chenye kichwa cha mpira wa porini ndicho kinachotoa sauti ya namna ile. Na mara moja, dukani Lindi solusheni ilipokosekana, nilimwona Fundi akikatakata mpira mbichi ndani ya petroli hadi ukawa gundi.

Nilikimbia kuifuata sauti, askari nyuma yangu.

Mzee alikuwa ameketi uani kwake, ngoma kubwa mbele yake imeelekezwa juani, virungu viwili mapajani. Vichwa vyake vilikuwa vyeusi, kila kimoja kama ngumi ya mtoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnataka maji?"

"Tunataka mpira."

"Mpira wa kucheza?" Akatupima kwa macho, kutoka vumbi la nywele hadi vumbi la viatu. "Mmekua, nyie."

Nilionyesha kirungu. Hakutania tena.

"Hii ni ya jando," alisema. "Watoto wanaingia mwezi ukiandama."

Askari alitoa shilingi mfukoni, zote alizokuwa nazo. Mzee alizitazama kama mtu anavyotazama mvua ya nchi nyingine. Akanigeukia mimi. "Wewe ndiwe unayehema. Una nini huko mnakokimbilia?"

Nilimwambia. Nilisema haraka na vibaya, lakini nilisema yote: mama, baba, mjomba, nyumba tatu, swala ya Alasiri, kopo.

"Mjomba ana haki," alisema mzee.

"Ana haki."

"Na wewe una nini?"

"Mimi nina wadogo zangu."

Alichukua kisu chake kiunoni, akaanza yeye mwenyewe kukata kamba zilizofunga kichwa cha kirungu kimoja, polepole, asiharibu mti wake. Alipomaliza alikishika kile kichwa, hakukinyoosha kwangu bado.

"Sikiliza. Kitu cha ngoma hakiuzwi, na hakitolewi bure. Kinakopeshwa. Aliyekopa anarudisha kile kile: mpira wa porini, aliouchanja mwenyewe, alioupika mwenyewe. Si mtoto wake, si rafiki yake. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwenzio amesikia?"

"Nimesikia, mzee," alisema askari.

"Basi chukua. Na kimoja kinanitosha kwa leo."

Tulirudi kwenye kijito watu watatu, kwa sababu mzee alitufuata. Nilikata kile kichwa kwa wembe vipande vyembamba kama kucha, nikavitia kwenye kifuniko cha kopo, askari akachuruzisha petroli kutoka kwenye bomba la kabureta. Nikakiweka juani juu ya jiwe la moto, nikawa nakanda kwa kijiti. Mwanzo vipande vilivimba tu. Sitasahau kungoja kule. Askari alilala chali kivulini akafumba macho, kwa sababu, alisema, mtu akimtazama fundi mikono yake inakuwa kumi na haifanyi kazi ya miwili. Kivuli cha ukingo wa kijito kilitambaa hadi kwenye tairi. Ndipo ule uji ukaanza kuvutika kama ulimbo.

Nilisugua kwa msasa, nikapaka, nikangoja, nikabandika, nikagandamiza kwa goti. Tulipopuliza, tyubu ilijaa, ikasimama. Nilitaka kuivisha.

"Ngoja," alisema mzee.

Aliichukua tyubu, akaiweka karibu na sikio, akaizungusha taratibu, macho yamefumbwa, kama anavyosikiliza ngozi mpya. Ikapita viraka vyangu viwili. Mbele kidogo akasimama.

"Hapa panasema."

Sikusikia kitu. Niliweka mate, na baada ya muda kikatokea kipovu kimoja, kidogo kama kichwa cha sindano. Tungeenda maili tatu tukakaa chini tena. Nilibandika kiraka cha tatu. Nimefanya kazi ya matairi miaka mingi baada ya siku ile, na kila nilipotumbukiza tyubu kwenye karai la maji nilijua kwamba mzee mmoja wa upande wa Chiola hakuhitaji karai.

Barabara ile iliyobaki yule askari aliiendesha kwa namna ambayo sikuwa nimeiona asubuhi. Hakuwa anaibembeleza tena. Lakini hata hivyo hakuipiga. Ilikuwa kama wamekubaliana.

Yaliyotokea Ruangwa kabla hatujafika nilisimuliwa na mdogo wangu wa kike. Alasiri iliingia, mjomba akatawadha, akatandika mswala wake mahali ambapo angeiona barabara, jambo ambalo mwenye lori alilishangaa kwa kuwa wengine walikuwa wametandika kivulini. Akaswali. Swala ilikwisha kwa wengine wote. Mjomba alibaki ameketi, tasbihi mkononi, punje moja baada ya nyingine. Wenye magunia walipanda. Injini iliwashwa.

"Shehe," alisema dereva, "Mungu amekwisha kusikia."

"Sijamaliza," alisema mjomba bila kugeuka.

Dereva alipiga honi. Mjomba alizunguka tasbihi yote, akaanza upya. Mdogo wangu anasema alimhesabia mara tano, na kwamba katika miaka yote aliyomjua mjomba, ambaye aliswali kila swala kwa wakati na kuondoka kama mtu mwenye shamba, hakuwahi tena kumwona akikaa vile.

Tulipotokea kwenye kona, alikuwa bado ameketi. Aliinuka, akakunja mswala, akamwambia dereva, "Sasa nimemaliza." Kisha akanigeukia na kuinua vidole vitatu. Hatukuweza kusimama zaidi ya muda wa kutia petroli. Nilimwona mdogo wangu wa kike ameinama juu ya kifurushi chake, anafungua fundo kwa meno.

Nachingwea tulifika jua likiwa bado na upana wa mkono juu ya miti, wa tatu kati ya watatu waliomaliza, nyuma ya wa pili kwa muda mrefu kiasi kwamba yeye alikuwa amekwisha kuoga. Msimamizi alitazama saa zote mbili. Alitazama karatasi yetu, akatazama tyubu, akanusa.

"Hii solusheni mmeitoa wapi?"

"Kwenye ngoma," nilisema.

"Duka gani hilo?"

"Si duka. Ngoma, bwana. Ya kupiga."

Alimtazama Fundi. Fundi alikuwa ameshika kile kifuniko chenye mabaki ya gundi, anakivuta kwa kidole, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona hata siku alipolipwa. "Soma sheria," alisema. "Duka, stoo, timu nyingine. Ngoma haiko." Msimamizi alisoma. Kisha akaandika jina la timu yetu chini ya yale mawili, na wakubwa, ambao walikuwa watu wa neno lao, wakaliacha banda.

Kesho yake niliwafuata wadogo zangu Ruangwa, walikolala kwa Mhindi, kwa pikipiki ile ile, wakarudi nayo wawili, na yule mdogo kabisa juu ya tangi. Nilibaki kwenye banda lile hadi alipokwisha kusoma wa mwisho wao. Hawakugawanywa. Yule askari alirudi kwao Songea baada ya mwaka mmoja. Aliniachia buti zake, ambazo hazikunienea, na matusi ya kutosha kwa maisha yangu yote.

Lakini mwezi uliandama, na sikuwa na mpira.

Nilianza kutafuta siku ya tatu. Nilikwenda mahali mama alipokuwa akichanja, nikakuta shamba. Nilikwenda mbele zaidi, nikakuta barabara mpya na visiki. Nilimpelekea mzee kipande cha tairi la lori nilichokichonga vizuri kabisa. Alikifunga kwenye kirungu, akapiga mara moja.

"Huyu ana mafua," alisema, akakifungua.

Fundi alinipa mpira mbichi mzuri, mweupe, ulioletwa kwa meli. Mzee aliunusa. "Huu umepikwa na mashine. Mimi nilikukopesha wa porini."

Jando lile alipiga kwa kirungu kimoja na kiganja kitupu. Nilikwenda kusikiliza, nikasimama mbali. Pigo moja zito, pigo moja la ngozi juu ya ngozi. Watu walisema ni mtindo mpya, wakausifu. Mzee aliniona, akaniinamishia kichwa, akaendelea kupiga. Hakunidai siku ile wala siku nyingine. Alipofariki, ngoma ilikwenda kwa mpwa wake, na matangani mpwa alinichukua pembeni akanionyesha ule mti wa kirungu usio na kichwa. Alitaka tu nijue kwamba deni limemfikia.

Miaka mingi baadaye, ndani kabisa ya pori la Nambilanje, niliuona mtambaa mmoja, mwembamba kama kidole. Niliuchanja kwa uangalifu, nikapika maziwa yake kwa chumvi na moshi kama mama alivyokuwa akifanya, nikalifunika jeraha lake kwa udongo ili upone. Mwaka uliofuata nilipata mengine kidogo. Mwaka wa tatu nilikuta mahali pale pamefyekwa pamepandwa ufuta, na ufuta ulikuwa mzuri, na mwenye shamba alinikaribisha chakula.

Donge nililonalo liko ndani ya kiberiti. Wadogo zangu wamenitafutia, wajukuu zao wamejitolea kwenda msituni kwa niaba yangu, na nimewakatalia, kwa sababu nilisikia sharti kwa masikio yangu. Bado nakwenda, safari fupi kuliko zamani, na wembe na kopo. Kichwa cha kirungu kinataka donge la ngumi ya mtoto. Langu limefikia ukubwa wa korosho moja.